Kitengo cha Kueleweka kwa Bahari

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka uliobandikwa kwenye milango yote ya Taasisi ya Sayansi ya Bahari, mlango wa choo ukiwamo, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi, bahari itaeleweka.

Waraka haukusema itaeleweka na nani. Hilo lilikuwa kwenye kiambatisho. Kiambatisho kilikuwa kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa kikaoni.

Chanzo cha jambo hili kilikuwa chema. Mwezi uliotangulia Waziri alitembelea maonyesho ya wanafunzi wa taasisi, akasimama kwenye meza ya kwanza na kumuuliza kijana mmoja anasomea nini. Kijana alimjibu kwa dakika arobaini. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho, akauliza, "Kwa hiyo samaki wapo au hawapo?"

Kijana akaomba aongezewe muda.

Ndipo kikaundwa Kitengo cha Kueleweka. Kilipewa chumba, muhuri, na Mratibu, mama mmoja mchangamfu aliyekuwa na miwani ya kusomea na miwani mingine ya kuwatazamia watu. Kazi ya kitengo ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa sayansi kuzungumza na umma mpaka umma uelewe. Kilichokosekana ni umma. Mratibu aliuandikia barua tatu, kwa anwani ya "Umma, Popote Ulipo", na hakuna hata moja iliyojibiwa. Katika kikao cha nne ilionekana kwamba umma hauna ushirikiano. Ikaamuliwa atafutwe mtu mmoja wa kuuwakilisha, ikiwezekana awe tayari jengoni, ili kuepusha usumbufu wa kutoka nje.

Aliyekuwa tayari jengoni alikuwa koridoni anapiga deki.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, ambako halikumsumbua mtu. Wote walimwita Sawa, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia kuliko mengine. Ukimwambia ndoo imevuja, sawa. Ukimwambia amekosea korido, sawa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye aibu ya kiasi kwamba akigonga mlango na watu wakasema "karibu", alikuwa tayari amekwenda zake.

Usaili ulifanyika siku hiyo hiyo, yeye akiwa ameshika fagio.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?" aliuliza Mkurugenzi, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye tai yake ilitangulia kufika kila mahali.

"La sita na nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya kwanza."

Mkurugenzi na Mratibu walitazamana kama watu waliookota kitu barabarani.

"Bahari unaijua?"

"Naiona dirishani nikifuta vioo."

"Kuiona siyo kuijua. Andika hapo, Mratibu: haijui. Una maoni yoyote kuhusu mikondo ya maji ya kina kirefu?"

"Hapana, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Amepita," alisema Mkurugenzi. "Wengine wote wangekuja na maoni."

Akatengenezewa kitambulisho cha kuvaa shingoni: MWANANCHI WA KAWAIDA (1). Mabano yale yaliwekwa kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Akapewa kiti cha plastiki, na kila Jumatano baada ya deki aliketi juu yake na kusubiri kuelewa.

Kwa kweli Mkurugenzi hakukosea. Kama kuna kazi Sawa alizaliwa nayo, ni hiyo. Alikuwa na kipaji cha kuitikia kwa kichwa. Watu wengine huacha shule kwa sababu za maana. Yeye aliachishwa na shingo yake mwenyewe. Siku moja darasa la sita, mwalimu wa hesabu alimaliza kufundisha sehemu, akauliza, "Mmeelewa?" Kichwa cha Sawa kiliitikia kabla ya vichwa vyote. Mwalimu akafurahi. "Haya, njoo ubaoni utuonyeshe." Sawa akaenda ubaoni, akashika chaki, akasimama pale akitazama tatu juu ya nne mpaka kengele ikalia. Kesho yake hakwenda shule. Keshokutwa alishindwa kwenda kwa sababu jana hakwenda. Ikawa hivyo kwa miaka kumi na miwili, na shingo haikujifunza lolote.

Wanafunzi walikuja mmoja mmoja, wakasimama mbele ya kiti cha plastiki na kueleza. Mmoja alieleza chumvi. Mmoja alieleza upepo unavyosukuma maji na maji yanavyokataa. Sawa aliitikia. Mwishoni Mratibu aliuliza, "Imeeleweka?" Kichwa kikashuka, muhuri nao ukashuka: IMEELEWEKA. Mwezi wa kwanza kiwango cha kueleweka kilifika asilimia mia moja. Wiki moja kilifika asilimia mia na nne, kwa sababu Sawa aliitikia kabla mwanafunzi hajafungua mdomo, na Mratibu hakuona sababu ya kuipoteza ile ya ziada.

Aliyeharibu hali ya hewa alikuwa Kamusi.

Huyu alikuwa mwanafunzi anayechunguza maji ya ghuba, kijana mrefu wa mikono mirefu, aliyeitwa Kamusi kwa sababu hakuweza kuomba chumvi mezani bila kuanza na fomula yake. Alipomaliza maelezo yake ya kwanza na muhuri ukagongwa, hakuondoka.

"Samahani, dada. Umeelewa kweli?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

Sawa alihisi joto la ubao wa darasa la sita likimpanda mgongoni. Akamtazama Mratibu.

"Kijana," alisema Mratibu, "swali hilo halimo kwenye fomu."

Kamusi aliomba radhi, lakini alirudi Jumatano iliyofuata na ile nyingine, akijaribu upya, akipunguza neno moja hapa, neno moja pale, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Sawa alimwonea huruma. Akaanza kuitikia kwa nguvu zaidi, ili kumtia moyo.

Mwezi wa tatu, Kamusi alikuta jambo kwenye chupa zake za maji. Hakulala vizuri. Asubuhi alipeleka kwa Mratibu karatasi yenye mistari mitatu:

*Msile chaza wa ghuba. Wana sumu. Kuwachemsha hakusaidii.*

Mratibu aliisoma kwa miwani yote miwili, mmoja baada ya mwingine, akaipeleka Kamati ya Lugha, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi. Kamati ilikaa siku mbili. Neno "msile" liliondolewa kwa kuwa ni lugha ya amri, na taasisi haiamrishi, inashauri. "Chaza" liliondolewa kwa kuwa ni lugha ya sokoni. "Sumu" liliondolewa kwa kuwa linaweza kuleta taharuki kwa walaji. "Kuwachemsha" liliondolewa kwa kuwa mapishi yako chini ya wizara nyingine. Yaliyoondolewa yalisahauliwa palepale, yaliyobaki yaliboreshwa, na likapatikana tangazo hili:

*Umma unaarifiwa kuhusu uwepo wa ongezeko lisilo la kawaida la viumbehai wadogo wa kimimea katika mfumo-ikolojia wa ghuba, hali inayoweza kuambatana na athari hasi katika matumizi ya moluska wa vali mbili. Wadau wote wanashauriwa kuzingatia.*

"Kuzingatia nini?" aliuliza Kamusi.

"Kuzingatia kwa ujumla," alisema Mkurugenzi. "Usiwafunge wadau mikono."

Tangazo lilisomwa mbele ya kiti cha plastiki siku ya Jumatano. Sawa aliitikia pale kwenye "umma", akaendelea kuitikia mpaka "kuzingatia". Akaweka saini yake kwenye fomu, polepole, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje kidogo. Muhuri ukashuka.

Kamusi alimsubiri koridoni.

"Dada Sawa, lile tangazo umelielewa?"

"Kabisa."

Mabega ya kijana yakateremka. "Afadhali. Wamenikataza kumwambia mtu mpaka Waziri alizindue Ijumaa. Wanasema tahadhari isiyozinduliwa ni uvumi, na mwanafunzi anayeeneza uvumi anafukuzwa. Lakini angalau wewe unajua. Nyumbani kwenu mko salama."

Sawa aliitikia na hilo pia. Njiani kuelekea nyumbani alijiuliza, salama na nini? Akaona ni aibu kurudi kuuliza kitu ambacho alikwisha kukielewa kwa maandishi.

Nyumbani alikuwa akiishi na shangazi yake, mama mnene wa kicheko kikubwa, ambaye maji yakitoka alishuka kwenye miamba ya ghuba na nyundo yake ndogo, akabandua chaza, akachemsha na kuuza. Alikuwa amewabandua kwa miaka thelathini. Mwenyewe hakuweza hata kuwanusa.

"Ee, Mwananchi! Umerudi?" Tangu aone kile kitambulisho, hakumwita kwa jina jingine. "Leo umeelewa nini huko?"

"Mambo mengi, Shangazi."

"Kama yapi?"

"Kuna ongezeko."

"La nini?"

"Lisilo la kawaida."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mwanangu, na mimi nina langu. Wakubwa wa taasisi yenu wametuma mtu. Ijumaa kuna sherehe, wanataka ndoo mbili za chaza, wa limau na pilipili. Waziri anakuja! Nimeambiwa anawapenda kufa. Niwapeleke, au wewe msomi unaonaje?"

"Sawa," alisema Sawa.

Ijumaa asubuhi alimaliza deki mapema. Ukumbi ulikuwa umepambwa. Ukutani tangazo lilikuwa limefunikwa kitambaa cha bluu, tayari kufunuliwa. Ratiba ilibandikwa mlangoni, na Sawa alisoma jina lake, au tuseme cheo chake: *Kipengele cha 7: Mwananchi wa Kawaida kuitikia kwa kichwa (dakika moja).* Cha nane kilikuwa viburudisho.

Alikwenda stoo ya mafagio, akageuza ndoo, akaikalia. Kwenye mfuko wake alikuwa na kopo alilofungiwa na Shangazi. Kamusi akapita, akamwona, akaingia kumsalimu.

"Karibu, kaka. Shangazi kanifungia wengi, siwezi kumaliza peke yangu."

Akafungua kopo. Kamusi akachungulia. Mkono wake uliokuwa umenyooka ukabaki hewani.

"Umewatoa wapi hawa?"

"Kwa Shangazi. Wa jana. Miamba ya ghuba."

"Umekula?"

"Bado. Ndiyo nakukaribisha."

Kamusi alilinyakua kopo kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Lakini wewe ulisaini! Uliniambia umeelewa kabisa!"

"Nilisaini."

"Ulielewa nini?"

Hapa hapakuwa na Mratibu wala fomu. Kulikuwa na mafagio, sabuni, na kijana aliyekumbatia kopo. Sawa aliangalia sakafu yake mwenyewe.

"Nilielewa kwamba kuna jambo," alisema.

Kamusi aliketi chini, juu ya sakafu iliyolowa, na suruali yake ya sherehe. Akaanza: "Dinoflajelata zinapo..." Akashika kichwa. Kisha akaona tambara la deki limening'inia kwenye ukingo wa ndoo ya pili.

"Dada. Ukipiga deki, uchafu unakwenda wapi?"

"Kwenye tambara."

"Tambara linaumwa?"

"Tambara litaumwaje?"

"Basi chaza ni tambara. Kutwa nzima anavuta maji, anayachuja, anabaki na kilichomo. Sasa hivi ghuba ina vimea vidogo kama vumbi, vina sumu. Chaza anavichuja, yeye haumwi. Sumu inakaa ndani yake. Hata ukimchemsha mpaka kesho, haitoki. Mtu akila, kwanza midomo inakufa ganzi, halafu vidole. Akizidisha, pumzi inakatika."

Sawa alilitazama tambara. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita na nusu, kitu kiliingia kichwani na kukaa, chenyewe, bila kusukumwa na shingo. Na mara alipokielewa alitamani asingekielewa.

"Shangazi ameleta ndoo mbili," alisema. "Za Waziri."

Walikimbia. Mlangoni mlinzi aliweka mkono.

"Dada'ngu, wewe ni kipengele cha saba. Sasa hivi tuko cha tano."

"Nina haraka, kaka."

"Haraka haimo kwenye ratiba."

Kamusi alipenya chini ya mkono ule, akamfikia Mkurugenzi jukwaani na kumwinamia sikioni. Hofu ilikuwa imemrudisha alikotoka: "Mheshimiwa, sampuli zimevuka kizingiti, kuna saksitoksini katika tishu za..."

"Vizuri sana," alinong'ona Mkurugenzi, akilamba midomo. "Iandikie ripoti." Akamwashiria arudi kukaa.

Waziri alivuta kitambaa. Akalisoma tangazo zima kwa sauti nzito, na pale alipovuta pumzi watu walidhani amemaliza, wakapiga makofi. Alipomaliza kweli wakapiga tena. Wakati huo wahudumu, waliochoka kusimama, walikwisha kuanza kupitisha sahani. Waziri akachukua kijiti chenye chaza mnene, akakishika kama kalamu, akingoja itifaki imruhusu.

"Na sasa, kama uthibitisho," alisema Mratibu kwenye kipaza sauti, "tunamkaribisha Mwananchi wa Kawaida, ambaye ameelewa!"

Mlinzi akaondoa mkono.

Sawa alitembea mpaka mbele. Watu mia mbili walikuwa wakimtazama, yeye ambaye watu watatu walimtosha kusahau jina lake. Mratibu akatabasamu. Waziri akatabasamu. Kichwa, kwa mazoea, kilianza safari yake ya kwenda chini. Sawa alikisikia kinashuka. Akakiona kijiti cha Waziri kinapanda. Akakaza shingo kama mtu anayezuia mlango kwenye upepo, akaipeleka kushoto, kisha kulia.

"Sijaelewa," alisema.

Mratibu akacheka kidogo. "Ni furaha tu. Ameelewa mno."

"Umeelewa," alisema Mkurugenzi kutoka kitini. "Tuna saini yako."

"Saini ndiyo imeelewa, mzee. Mimi bado."

Nyuma, walikoketi wanafunzi, mtu akapiga mluzi. Waziri akashusha kijiti, kwa upole wa mtu anayepigwa picha.

"Binti yangu, hujaelewa nini? Mbona maneno yako wazi kabisa?"

"Mheshimiwa, naomba uniambie wewe. Moluska wa vali mbili ni nini?"

Waziri aliangalia tangazo. Tangazo halikumsaidia. "Hilo ni la kitaalamu," alisema. "Mkurugenzi?"

Mkurugenzi alisimama, akarekebisha tai. "Moluska wa vali mbili ni moluska. Wenye vali."

"Ngapi?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mbili," alisema Mkurugenzi kwa mamlaka.

"Na wanakaa wapi?" aliuliza Sawa.

"Katika mazingira yao."

"Wanakaa hapo, mzee." Akaonyesha sahani. "Ni chaza. Mheshimiwa, huyo uliyemshika ni mmoja wao. Hilo tangazo ulilolisoma linasema usimle."

Kijiti cha Waziri kilianguka juu ya kiatu chake. Kote ukumbini zikasikika sahani zikiwekwa chini, moja baada ya nyingine, taratibu, kama watu wanaoficha walichoiba. Sawa hakungoja tena kuulizwa. Akaeleza tambara. Akaeleza maji, na vumbi lenye sumu, na kuchemsha kusikosaidia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekohoa. "Na mtu akila," alimaliza, "kwanza midomo inakufa ganzi."

Mkurugenzi alipeleka vidole kwenye midomo yake. Alikuwa ameonja sita kabla ya kipengele cha kwanza, kwa niaba ya itifaki.

"Ni limau," alisema. Ulimi haukumtii vizuri. "Ni ukali wa limau tu."

Akaketi. Kisha akauliza kwa nini vidole vya watu wengine viko kwenye mikono yake.

Wakati anabebwa kuelekea kwenye gari, sauti kubwa ilisikika kutoka mlango wa nyuma, ambako mama mnene alikuwa amesimama na ndoo ya pili.

"Wewe mtoto! Kumbe unajua? Juzi nimekuuliza, msomi unaonaje! Umeshindwa nini kuniambia?"

"Juzi nilikuwa nimeelewa, Shangazi," alisema Sawa.

Shangazi hakucheka. Akainua ndoo yake, akatoka nayo, akamwaga kazi yake ya asubuhi nzima kwenye shimo la taka, kisha akashuka miambani kuwaambia wenzake. Alitumia maneno matatu. Hakuna aliyeomba aongezewe muda.

Mkurugenzi alilazwa siku nne. Daktari alikaa kitandani kwake na kumweleza kwa urefu ni mishipa gani ilikuwa imezibwa njia gani, na alipouliza, "Umenielewa, mzee?" Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. Alipona kabisa. Waziri naye alitoa taarifa kwamba yeye binafsi alikuwa ameelewa tangu mwanzo, na kwamba kijiti kilikuwa cha kupigia picha.

Wiki iliyofuata Kitengo cha Kueleweka kilikutana kufanya tathmini. Tathmini ilikuwa ya kitaalamu na haikumlenga mtu. Ilibainika kwamba Sawa sasa anajua chaza, sumu, na uchujaji wa maji, na hivyo amepoteza sifa ya ukawaida. Alivuliwa kitambulisho. Ilibainika pia kwamba nafasi ile haiwezi kukaa wazi, na kwamba inahitaji mtu asiyeijua bahari, aliyethibitishwa hivyo mbele ya mashahidi. Mashahidi walikuwa mia mbili, pamoja na Waziri. Jina lililopatikana lilikuwa moja, na lilipita bila kupingwa, kwa kuwa mwenye jina alikuwa bado hospitali.

Swali la Kamusi liliongezwa kwenye fomu. Kwa kuwa hakuna mtumishi aliyetaka kumuuliza bosi wake swali kama lile, kazi hiyo alipewa Sawa, kwa kukaimu. Deki pia aliendelea kupiga, kwa sababu barua ya kumpandisha ilisahau kutaja nani atashika fagio, naye aliona aibu kuwakumbusha.

Kwenye mlango wa taasisi ilibandikwa karatasi ya Kamusi yenye mistari mitatu. Kamati ya Lugha ililalamika kwamba ni fupi mno, haina mahali pa kugonga muhuri.

Jumatano, Mkurugenzi aliketi kwenye kiti cha plastiki, ambacho kilinung'unika. Kitambulisho kilikuwa juu ya tai. Mbele yake alisimama msichana wa mwaka wa pili, akaeleza mawimbi kwa robo saa bila kuvuta pumzi. Mkurugenzi aliitikia mwanzo, katikati na mwisho.

"Umeelewa, mzee?" aliuliza Sawa.

"Kabisa."

Sawa alishika kalamu. Alikijua kile kichwa kilivyoshuka, na yale macho yaliyobaki juu kutazama kama watu wamekubali. Aliwahi kukivaa mwenyewe miaka kumi na miwili, mpaka kikakaribia kumlisha sumu yeye na nusu ya serikali. Akasikia shingo yake ikitaka kumsaidia mzee wa watu, iitikie naye, yaishe.

"Umeelewa nini?" akauliza.

Mkurugenzi alifungua mdomo. Jasho likatokea juu ya tai.

"Kwamba," alisema Mkurugenzi, "kuna mawimbi."

Sawa hakuandika kitu. Alisogeza ndoo ya maji kwa mguu mpaka ikawa katikati ya yule msichana na kiti cha plastiki.

"Anza tena, mdogo wangu," alisema. "Polepole. Mzee, sogea uone."